“Hasomi yule, anaimba”: maneno ya mama mkwe yameninyima usingizi

Shikamoo mshauri,

Safu hii huwa naisoma nikisubiri wateja. Mimi ni fundi cherehani hapa Tabata na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika. Jina langu naomba liachwe. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na yuko darasa la tatu, wa kiume ana miaka mitano. Binti nitamwita Neema, ingawa silo jina lake.

Neema yuko shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza tangu awali. Ada ni Sh1,800,000 kwa mwaka, tunalipa kwa mikupuo minne, bado basi na chakula. Mume wangu anauza vipuri vya simu Kariakoo. Biashara si mbaya, ila mkupuo wa tatu mwaka huu nililipa mimi kwa mkopo wa kikoba.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita shule ilifanya maonesho ya taaluma, tukaambiwa familia nzima ifike kuanzia saa kumi jioni. Mume wangu alifunga duka mapema, kitu ambacho hata akiumwa hakifanyi. Mama mkwe yuko kwetu tangu alipokuja kutoka Korogwe kutibiwa mguu, naye alivaa kitenge nilichomshonea kwa siku hiyo. Tukajibana wote kwenye bajaji moja, kijana kapakatwa na baba yake.

Kusema kweli kulipendeza. Maturubai, viti vimevalishwa vitambaa, spika kubwa. Darasa la tano walitengeneza chujio la maji: chupa ya plastiki imekatwa kitako na kugeuzwa, ndani kuna pamba, mkaa, mchanga na kokoto. Ukimimina maji ya tope juu, chini yanadondoka yamekuwa meupe. Mwanangu wa kiume aliganda pale mpaka nikamvuta mkono. Darasa la Neema walikuwa na kona ya kusoma. Kila mtoto ameshika kitabu, mgeni akisogea anasomewa. Neema alisoma hadithi ya simba na panya kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na sauti ya simba akaitoa, na ya panya. Watu wakajaa. Mume wangu alirekodi yote, nikaona machozi yanamlenga.

Kabla bajaji haijatufikisha nyumbani, video ilishafika kwenye kundi la ukoo. Shemeji yangu aliyeko Mwanza akatuma Sh50,000, “soda ya msomi wetu”.

Usiku nikiwa jikoni napakua, mama mkwe akaja akakaa kwenye kigoda. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hasomi yule. Anaimba.” Nikamuuliza amejuaje na Kiingereza hakijui. Akasema Kiingereza hakijui lakini kusoma anakujua, alijifunza ukubwani, ngumbaru, miaka ya sabini. Alikuwa anatazama kidole cha mtoto. Kidole kilibaki pale pale chini ya simba aliyelala, wakati kwa jinsi Neema alivyokuwa anaigiza, simba ameshanaswa, panya ameshaguguna kamba, na ukurasa haujafunuliwa. “Hata sisi tulianza hivyo,” akasema. “Mwalimu anafuta ubao, sisi tunaendelea tu.”

Kesho yake mume wangu akiwa dukani nilichukua kitabu kile kile, nikakifungua katikati, picha nikaiziba kwa kiganja. Nikamwambia Neema soma hapa. Akaanza sentensi ya mwanzo kabisa ya hadithi. Nikamwambia hapana mama, hapa kwenye kidole changu. Akaanza tena ile ile. Mara ya tatu akalia, akasema, “Mama, usimwambie baba.”

Kinachonichanganya ni kwamba huyu mtoto si mjinga. Tukiwa kituoni yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti “Segerea hiyo!” wakati daladala bado liko mbali.

Sasa mume wangu anataka na mdogo wake Neema aanze pale Januari. Pesa ya fomu na usajili inatakiwa mwisho wa mwezi huu. Yeye aliishia kidato cha pili na siku zote anasema ni Kiingereza ndicho kilichomrudisha nyumbani, akaapa watoto wake hakitawapata. Nikimwambia nitamvunja. Nikinyamaza, tutalipia wawili kitu ambacho sijui kama kipo. Rafiki yangu ananiambia mtoe, mpeleke ya serikali, ada hakuna na atafundishwa kwa lugha anayoielewa. Mama mkwe yeye anasema tu, “Nimekwambia wewe,” kisha anaendelea na shughuli zake. Nifanyeje?

Fundi cherehani, Tabata


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na mkopo, na pole na hizo siku ulizokaa na jambo hili peke yako.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama pale Neema aliposema usimwambie baba. Umeandika kana kwamba wenye siri ni wewe na mama mkwe. Mwenye siri wa kwanza ni mtoto. Amekaa nayo muda mrefu kuliko ninyi, ameibeba shuleni na kuirudisha kwenye basi kila siku, na jioni ile aliisimamisha mbele ya umati na kuivalisha sauti ya simba. Hukuniandikia ulimjibu nini. Natamani kujua.

Kama nimekuelewa, unataka uamuzi juu ya shule, na unataka ujasiri wa kuzungumza na mumeo, na mwisho wa mwezi unakukimbiza kwa yote mawili. Chini yake kuna swali ambalo bado hamjalijibu: Neema anajua nini hasa? Umempima ukurasa mmoja, wa kitabu alichokikariri, kwa lugha ya kigeni, siku moja tu baada ya kupigiwa makofi. Hapo hata mimi ningelia.

Lakini kwanza mama mkwe wako. Nilifundisha madarasa ya chini miaka mingi kabla ya kazi hii ya kalamu, na wakaguzi waliokuja na mafaili yao hawakuwa wote na jicho lile. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata watu wazima walitoka shambani jioni kwenda kukaa mbele ya ubao, wengine na watoto mgongoni. Aliyejifunza herufi akiwa mkubwa anaikumbuka siku zilipofunguka. Sisi tuliojifunza tukiwa wadogo tumeisahau, tunadhani tulizaliwa nayo. Ndiyo maana wewe na mumeo mlitazama uso wa mtoto, yeye akatazama kidole.

Kukariri ukurasa si udanganyifu. Karibu kila mtoto hupita hapo. Nilikuwa na kijana darasa la kwanza aliyenisomea ukurasa mzima kitabu kikiwa kichwa chini miguu juu, akamaliza na kunitazama akisubiri vema yake. Tofauti ni kwamba yule alikuwa darasa la kwanza, na Neema yuko la tatu. Sitakuficha, muda umekwenda kidogo. Haujaisha.

Fikiria alichokuwa anatakiwa kufanya. Kwa Kiswahili, mtoto akishazipata ba, be, bi, bo, bu, mlango umefunguka: “kobe” linaandikwa kama linavyotamkwa, na akishalitamka analijua, maana kobe amemsikia kwenye hadithi za bibi. Kiingereza hakina adabu hiyo. Herufi zile zile zinasomeka hivi kwenye neno hili na vile kwenye neno la pili. Mtoto ambaye nyumbani hakisikii ana kazi mbili kwa mpigo, kuzifungua herufi na kisha kutafuta maana ya kilichofunguka. Wapo wanaoiweza, tena wengi, hasa mwalimu akiwa na subira. Wengine wanatafuta njia ya mkato, na mwenye sikio zuri hana haja ya kuitafuta mbali. Binti yako ameshika hadithi nzima ya lugha ya kigeni, na sauti za wanyama juu yake. Ukimwona tena kama mtoto aliyekudanganya, likumbuke hilo.

Sasa lile la Segerea. Umelitaja kwa kupita, mimi nimelishikilia. Daladala zetu hapa Dar zina mikanda ya rangi ubavuni, kila njia na rangi zake. Inawezekana Neema anasoma neno “Segerea”. Inawezekana pia anasoma rangi, kama alivyokuwa “anasoma” picha ya simba. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kabla ya kufungua mdomo kwa mwalimu au kwa mumeo, mimi ningetaka kujua ni lipi.

Njia yangu ya zamani ni hii. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa za wazi sentensi ya Kiswahili isiyo na akili, ambayo hakuna anayeweza kuibahatisha. Kwa mfano: Kuku amevaa viatu vya babu. Usimwambie ni mtihani. Iache mezani karibu na kikombe chake cha chai, au mwambie umemwandikia kitu. Kisha usitazame karatasi, tazama mdomo wake. Akicheka kabla hujasema lolote, ameisoma. Sentensi ya namna hiyo haikaririki, na mtoto haigizi kicheko cha kuku mwenye viatu.

Akicheka, basi kusoma anakujua, kilichogoma ni Kiingereza, na hilo linaweza kufanyiwa kazi hapo hapo alipo au kwingine. Asipocheka, tatizo ni kusoma kwenyewe, na kumhamisha shule peke yake hakutalitibu. Hapo pia macho yapimwe. Je, anasogeza kitabu puani? Anakunja uso akitazama ubao? Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanajulikana kwa macho, na Muhimbili pia wana kliniki. Wapo pia watoto wenye macho mazima na akili nzima ambao herufi zinawasumbua tu, na hao wanahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuwapima, si mimi wala wewe jikoni.

Rafiki yako kasema mtoe. Nusu ya maneno yake ni kweli. Shule za serikali hazitozi ada na msingi wanafundisha kwa Kiswahili. Lakini ada ilipoondoka watoto walimiminika, na hapa mjini zipo shule ambazo watoto wanaingia kwa zamu, wa asubuhi na wa mchana. Neema mwakani ni darasa la nne, ana upimaji wa taifa. Ukimweka katikati ya darasa lililojaa, mtoto mwenye sikio kama lake ndiye anayejificha kwa urahisi zaidi, maana darasa zima linaitikia kwa pamoja na yeye anaitikia vizuri kuliko wote. Sisemi asiende. Nimefundisha humo na nimeona watoto wakifunguka wiki chache baada ya kufundishwa kwa lugha wanayoiota. Nasema nenda ukaione shule yenyewe saa tatu asubuhi siku ya kazi, uhesabu vichwa na madawati, usiende kwa sababu tu umeikasirikia hii.

Na hii, je, imekudanganya? Huenda. Au huenda mwalimu aliambiwa wageni wanakuja Ijumaa, kila mtoto lazima aonekane anasoma, akafanya alichoweza. Jioni ile hata mwalimu alikuwa anaoneshwa. (Mimi pia nimewahi kuwapanga watoto hodari mstari wa mbele mgeni alipokuja. Mungu anisamehe.) Ukitaka kujua, omba madaftari yote ya Neema uyalete nyumbani. Kama kila ukurasa una vema na mwandiko umepangika, lakini kila kitu kimenakiliwa ubaoni na hakuna hata sentensi moja aliyoitunga mwenyewe ikiwa na makosa yake, daftari limeshasema. Kisha muone mwalimu wa darasa, yeye peke yake, umwombe Neema asome mbele yenu ukurasa ambao hajawahi kuufanyia mazoezi. Hatari ipo: mwalimu akijihami, kesho mtoto anaweza kusimamishwa mbele ya wenzake. Kwa hiyo nenda ukiwa unauliza tumsaidieje, na usiulize ilikuwaje. Kundi la wazazi la WhatsApp usiliguse. Huko jambo la mtoto mmoja linageuka mkutano wa hadhara.

Nije kwa mumeo, ambako naona ndiko moyo wako ulipo.

Unasema ukimwambia utamvunja. Wewe unamjua, mimi simjui. Ila nataka nikuulize kitu. Mtu aliyeishia kidato cha pili kwa sababu ya lugha, amewahi kukusimulia siku zake zilikuwaje darasani? Mara nyingi mtu hafiki kidato cha pili akiwa haelewi lugha bila kuwa naye amepitia kuimba. Kunakili, kukariri maelezo ya mwalimu neno kwa neno, kuomba asinyooshewe kidole. Kama ni hivyo, katika nyumba yenu yeye ndiye anayeijua hofu ya Neema kwa ndani. Wewe unaona baba atakayeaibika. Inawezekana kabisa. Inawezekana pia ndiye mtu pekee ambaye mtoto angeweza kumwambia na akaeleweka.

Wala hofu yake si majivuno. Sekondari masomo ni kwa Kiingereza, alikutana nacho huko na kikamtoa. Ukianza mazungumzo kwa “shule yako uliyoichagua”, atakachosikia ni kwamba unataka kumpeleka mwanawe kwenye shimo alilotumbukia yeye. Labda ingekuwa rahisi uanze na kidato cha pili, siku zake, kabla ya kufika kwa Neema. Iwe siku ambayo mauzo hayakumchosha, watoto wamelala.

Hatari nazo nakutajia. Anaweza kukasirika na kumwamsha mtoto asome saa nne usiku. Anaweza kukwambia unaonea wivu furaha ya ukoo wake. Sh50,000 zimeshaliwa na video imeshasambaa, atawatazamaje ndugu? Kwa hilo sina dawa. Naona tu kwamba hakuna anayemdai aifute video wala awaeleze ndugu chochote. Mtoto alisimama mbele ya watu akasimulia hadithi kwa Kiingereza bila woga, na hilo lilitokea kweli.

Na mama mkwe usimwite shahidi. “Nimekwambia wewe” naisikia kwa namna mbili. Huenda anaogopa kumuumiza mwanawe. Huenda anakuheshimu kama mama wa mtoto na hataki kuonekana anaendesha nyumba yako. Muulize mwenyewe kabla hujalitaja jina lake kwa mumeo. Likitajwa vibaya, mazungumzo yatahama kwa Neema na kuwa ya mkwe na mkaza mwana.

Ila kuna kazi nyingine anayoiweza. Macho ya bibi aliyekuja kutibiwa mguu yana haki ya kuchoka. Amwombe Neema amsomee chochote cha Kiswahili: maelezo ya dawa, ujumbe wa simu kutoka Korogwe, gazeti lililofungiwa maandazi. Dakika kumi tu, na kidole cha bibi kitembee chini ya neno. Sikushauri tuisheni kwa sasa, mtoto akifika nyumbani jioni amechoka, na tuisheni nyingi ni kuimba kwa ziada. Jumamosi moja mkipata nafasi, Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed wana sehemu ya watoto, akachague kitabu asichokijua. Nafahamu bibi ataondoka mguu ukipona, na hapo kazi itarudi kwako na cherehani yako.

Kuhusu kijana, tarehe ya fomu ni ya shule, si ya mtoto. Ana miaka mitano. Mnaweza kulipa ili nafasi isipotee huku mkiendelea kuchunguza, na mkapoteza pesa hiyo mkibadili nia. Mnaweza pia kuacha tarehe ipite na mumeo akaona umemfungia mtoto njia. Yote mawili yana gharama, na ni ninyi wawili mnaoijua mifuko yenu, kikoba kikiwamo. Mimi kwenye barua yako nimemwona mtoto aliyeganda mbele ya chupa ya mchanga na mkaa mpaka akavutwa mkono. Mmeshamuuliza alikuwa anatazama nini?

Na Neema anasubiri jibu la ombi lake. Kumwahidi kwamba baba hatajua kamwe ni mzigo mwingine unamwongezea. Kumwambia “namwambia leo” ni kumtisha. Katikati ya hapo pengine kuna kitu kama “sitamwambia bila wewe kujua”, lakini maneno utayapata wewe, unayemjua anavyokasirika na anavyobembelezwa.

Anza na yule kuku. Kisha niandikie: alicheka, au alikutazama wewe usoni akisubiri umwambie kimeandikwa nini?